Besi Iliyorusha Sindano

Siku ya kwanza kazini nilipewa gitaa ambalo hakuna mtu mwingine aliyelitaka. Mwenye ukumbi pale Busia mpakani, mfanyabiashara aliyekuwa na duka la vitenge mbele na ukumbi wa dansi nyuma, alikuwa amenunua vyombo vya bendi nzima kwa mpigo mmoja, akavipanga sakafuni kama mtu anayeanika samaki. Sisi tuliotaka kazi tulisimama kando ya ukuta. Bendi-lida, yaani kiongozi wa bendi, alikuwa mtu wa Marachi aliyevaa miwani ya jua hata ndani ya nyumba, na yeye ndiye aliyechagua kwanza. Alichukua gitaa la solo, lile linalolia juu ya mengine yote. Shemeji yake akachukua la ridhimu, lile linalokwaruza mwendo bila kupumzika. Mwingine akakimbilia ngoma. Mimi, kijana wa upande wa Kocholia niliyezoea kupiga gitaa kavu, lisilo la umeme, kwenye harusi za kwetu, nilibaki nikitazamana na gitaa lenye shingo ndefu na nyuzi nne nene.

"Wewe Barnaba uko na mikono kubwa," Bendi-lida akaniambia. "Shika hiyo."

"Hii ni gitaa gani?"

"Inaitwa besi. Ukiweza, sawa. Ukishindwa, iko kazi ya kukata tiketi kwa mlango."

Nawaambia nyinyi vijana mtakaosoma haya: sikushindwa, na tiketi zake sikuzikata. Lakini wiki za mwanzo zilinitoa jasho. Nyuzi za besi wakati ule zilikuwa ngumu kama waya wa kuanikia nguo, na ngozi ya vidole ilichubuka mpaka kushika ugali wa moto ikawa adhabu. Nililoweka mikono katika maji ya chumvi kila asubuhi. Emplifaya, lile sanduku la kukuza sauti, lilitumia umeme wa jenereta iliyonguruma nyuma ya ukumbi, na jenereta ilipopungua nguvu, besi ndiyo iliyokuwa ya kwanza kunywea. Nilijifunza kuisikiliza jenereta ikianza kuchoka, nami nikaongeza nguvu ya kidole gumba kabla watu hawajatambua lolote.

Watu walinitania sana. Kila Jumapili, kwenye dansi ya mchana, hakukosekana mtu wa kuuliza, "Boss, hizo nyuzi zingine mbili umeuza ng'ambo?" Mwanzoni nilicheka nao. Baadaye nikawa nawajibu kwamba hizo mbili nimewaachia waoga. Lakini yalikuwapo pia maneno ambayo hayakuwa utani. Wanamuziki wenyewe walisema besi ni ya mtu aliyeshindwa na solo. Maneno hayo nayasikia mpaka leo redioni, kutoka kwa watu wanaojiita wataalamu, na nikiyasikia naizima redio. Ni upuuzi mtupu. Solo nilikuwa naipiga kabla Bendi-lida hajanunua miwani yake. Nilibaki na besi kwa sababu niliipenda, na niliipenda kwa sababu niliona inavyowafanya watu.

Ile ilikuwa miaka ya sitini, bendera yetu ingali mpya, na sakafu ya ukumbi wa Busia ilikuwa na kila aina ya mchezaji. Mmarachi hucheza kwa mabega. Sisi Wateso hutikisa mwili kuanzia magotini kwenda juu. Wenzetu wa ng'ambo ya mpaka, wao ni kiuno. Wote waliingia kwa mlango mmoja na kusimama katika sakafu moja, na solo ikifuata mabega, viuno vinalala. Ikifuata viuno, mabega yananuna. Besi ndiyo iliyowaweka pamoja. Niligundua kwamba nikiliacha pigo la kwanza bila kuligusa, kisha nikalishukia la pili kwa uzito, kila mtu hulijaza lile pengo kwa namna ya kwao. Mguu wa mtu ulikuwa unashuka mahali ambapo mimi sikupiga. Hilo sikufundishwa na mtu. Nililipata kwa kuwatazama miguu, nikiwa nimesimama nyuma ya jukwaa ambako mpiga besi huwekwa asiwazibe wengine.

Kwa kuwa besi zilikuwa chache na wapigaji wachache zaidi, bendi nyingine zikaanza kuniomba. Hiyo ndiyo kazi ya kupiga kwa kukodiwa: bendi si yako, unaitwa, unasikiliza wimbo mara moja, unapiga, unaenda zako. Mwenye ukumbi alikubali nitoke na gitaa lake siku za katikati ya wiki. Nilipiga Malaba katika bendi ya wafanyakazi wa reli. Nilivuka kupiga ng'ambo, nikarudi. Wakubwa wangu walikuwa wengi, kila mmoja na amri yake. Meneja wa ile bendi ya reli alitaka tuvae tai hata jua likiwa la kuchoma. Mwalimu mmoja wa kwaya alinikodi kwa sikukuu, kisha akanirudisha nyumbani kabla ya ibada kwisha, akisema waumini wanatikisika kwenye sala. Nilimuuliza kama Mungu alimlalamikia yeye binafsi. Hakuniita tena, nami sikujuta.

Malaba ndiko nilikopata mashabiki wangu wa kweli, na mkubwa wao alikuwa Mama Amoit. Huyu alikuwa mjane mwenye hoteli ya chai na chapati karibu na kituo cha reli, na uani kwake wazee walizunguka mtungi wa ajono, pombe yetu ya wimbi, wakiinyonya kwa mirija mirefu. Hotelini alikuwa na gramafoni ya betri iliyowavuta madereva wa malori kuliko chapati zake. Mwili wake ulikuwa mkubwa na sauti yake kubwa zaidi, na akicheza, watu humpisha.

Lazima niwaeleze desturi moja ya muziki wetu, la sivyo hamtaelewa uchungu wangu. Kabla solo haijalia, mwimbaji hulitaja jina la mpigaji: "Haya, fulani, wape!" Jina likitajwa, watu hupiga makofi, na mpigaji hujulikana kwa hilo kutoka mji hadi mji. Mpiga ridhimu hutajwa mara mojamoja. Mpiga ngoma hutajwa akiwa rafiki ya mwimbaji. Mpiga besi hatajwi. Nilifanya kazi mwaka baada ya mwaka bila kusikia jina langu jukwaani, na iliniuma, sitawadanganya.

Basi Mama Amoit na wenzake, waliokuja na basi kwenye dansi yetu ya Busia kila Jumapili, wakaamua kufanya lao. Wimbo ukifika katikati, solo ikiwa imechachamaa na Bendi-lida amefumba macho nyuma ya ile miwani, mama huyu alisimama akapaza sauti: "Shuka!" Wengine wakaitikia, "Shuka, Barnaba, shuka!" Walitaka niteremke kwenye uzi mnene kabisa na nibaki huko. Nilishuka. Ukumbi mzima ulishuka nami, magoti yakakunjwa, na solo ikabaki juu peke yake. Bendi-lida hakufurahia, lakini mlango ulikuwa unajaa, kwa hiyo aliniacha niendelee.

Hayo ndiyo yalikuwa maisha yangu wakati Bwana Rekodi alipokuja. Tulimwita hivyo kwa sababu alikuja na gari kutoka Nairobi likiwa na mashine ya kurekodi nyuma, akitafuta bendi za kutia kwenye santuri. Alikuwa mtu nadhifu, mwenye kalamu mfukoni na saa ya dhahabu, asiyependa kurudia neno. Alizunguka Busia akikataa kila jengo, mpaka akachagua ghala la pamba pale Malaba. Alisema magunia ya pamba yaliyopangwa mpaka darini hunywa mwangwi, na kwa kweli ukisema neno mle ndani lilikufa mdomoni.

Kurekodi wakati ule kulikuwa na maiki moja tu. Sauti zilipimwa kwa umbali: mwimbaji karibu na maiki, solo nyuma yake kidogo, ridhimu kando, ngoma mlangoni kabisa. Sote tulivua viatu ili sakafu isilie. Garimoshi likipita tunasimama, likiisha kupita tunaanza upya. Kuku wa jirani akilia, vivyo hivyo. Bendi-lida aliniweka pembeni, gitaa langu likielekea magunia, tukapiga wimbo wetu uliokuwa unapendwa kuliko yote. Bwana Rekodi alisikiliza kwa vile vidude vya masikioni, uso ukakunjamana.

"Nani huyo anayenguruma?"

"Ni besi, boss," Bendi-lida akasema.

"Itoke."

Alitueleza, na kwa upande wa ufundi hakuwa mwongo. Santuri ina mfereji mwembamba unaozunguka kutoka ukingoni hadi katikati, na sindano ya gramafoni hutembea ndani yake. Sauti nyembamba huutikisa mfereji kidogo tu. Besi nzito huuyumbisha huku na huko, na zile gramafoni ndogo za betri, mkono wake mwepesi, zikifika hapo sindano huruka. Mnunuzi akiona sindano inaruka, hurudisha santuri dukani. Bwana Rekodi alisema ameshachoka na santuri za kurudishwa.

"Hata nikipiga polepole?" nikauliza.

"Besi yako hata ikinong'ona inarusha sindano. Shika kayamba."

"Nini?"

"Kayamba. Tikisa tu. Utakuwa kwenye santuri kama wenzako."

Nilimtazama Bendi-lida nikitumaini atasema neno. Alivua miwani, jambo alilolifanya mara chache sana, akaipangusa kwa shati.

"Barnaba, ndugu yangu," akasema, "shika hiyo kayamba tumalize. Usituaibishe mbele ya mgeni."

"Wewe unajua hawa watu wanacheza na nini."

"Wanacheza na mimi."

Hapo damu ilinipanda. Nilimwambia Bendi-lida kwamba akitaka kujua watu wanacheza na nani, siku moja anyamazishe besi aone. Nilimwambia Bwana Rekodi kwamba kayamba ni chombo cha heshima na wapo wanaokijua, akawatafute hao, asinipe kama pipi ya kunyamazisha mtoto. Kisha nikavaa viatu na kutoka. Nyuma yangu nilisikia wakianza wimbo upya. Ulisikika mwepesi mno, mpaka nikacheka kwa hasira barabarani.

Hasara niliiona baadaye. Bwana Rekodi alipoondoka alikuwa amemwambia Bendi-lida kwamba bendi inayotaka kwenda na wakati ipige jukwaani kama inavyosikika kwenye santuri. Bendi-lida akaisadiki hiyo kama amri ya serikali. Besi ikatundikwa ukutani nyuma ya duka la vitenge, na mwenye ukumbi akaniambia kwa upole kwamba hana kazi nyingine kwangu. Bendi ya reli nayo ikafuata mkumbo. Kazi yangu ikafa kotekote mpakani, Busia hadi Malaba. Nilirudi kulima kwetu, na jioni vidole vilikuwa vikicheza vyenyewe juu ya mpini wa jembe. Nilikuwa na hofu, nakiri, si ya njaa bali ya kwamba watu watazoea. Nilifikiri mabega yatacheza na solo, viuno vitacheza na solo, na mwishowe hakuna atakayekumbuka kwamba palikuwa na kitu chini.

Siku moja nilikuja Busia kununua mbegu, nikapitia kwa Fundi Salim. Huyu alikuwa mtengenezaji wa redio na gramafoni, na kibanda chake kilikuwa Burumba, karibu na msikiti. Nilimkuta amezungukwa na gramafoni, nyingine mezani, nyingine chini, nyingine zimepangwa barazani kama wagonjwa wanaosubiri daktari. Yeye mwenyewe alikuwa ameshika bisibisi na kichwa.

"Barnaba, mimi nitafunga duka," akasema. "Tangu hii santuri mpya ya jamaa zako ifike, kila mtu analeta mashine. Nafungua, naangalia, iko mzima. Narudisha. Kesho yake anarudi tena ananitukana."

"Wanasema inaumwa nini?"

Hakuwahi kujibu, kwa sababu Mama Amoit alikuwa anashuka kutoka basi la Malaba, gramafoni yake imefungwa ndani ya leso kama mtoto mchanga. Alikuja moja kwa moja akaiweka mezani.

"Fundi, hii kitu imeharibika. Inaimba na mdomo tu. Tumbo hakuna."

"Mama, wewe pia?"

"Mimi pia nini? Angalia hiyo spika! Imepasuka chini. Watu wangu wanakaa tu na chai, wananiangalia. Hakuna mtu anasimama kucheza."

Fundi Salim hakubishana. Aliifungua, akaigusa huku na huko, akaifunga. Akatoa santuri ya zamani ya bendi nyingine, akaiweka. Besi ikatoka safi, hafifu lakini ipo. Mama Amoit akatikisa kichwa kwa furaha. Kisha Fundi akaiweka ile mpya. Sauti ya mwimbaji ikaja, solo ikaja, kayamba likaja likichakacha, na chini yake hapakuwa na kitu.

"Umeona?" Mama Amoit akapiga kelele. "Imekufa tena!"

"Mama, mashine haijakufa. Mtu ndiyo hayuko ndani."

Alichukua muda kuelewa. Barazani walikuwapo pia watu waliokuja na gramafoni zao. Kisha wote wakageuka kunitazama, nami nimesimama pale na mfuko wa mbegu mkononi.

Sijui kama mtanielewa. Watu hawa hawakuwa wanamuziki. Hakuna hata mmoja ambaye angeweza kusema besi ni ipi katika wimbo. Walijua tu kwamba kitu walichozoea kukanyaga hakipo, na badala ya kusema wimbo ni mbaya, wakaamini mashine zao ndizo mbovu. Walizibeba kwa basi, kwa baiskeli, wengine kichwani, kuja kutibiwa. Macho yalinilowa palepale, na sioni haya kuliandika.

"Wewe ulienda wapi?" Mama Amoit akaniuliza kwa ukali, kana kwamba nimemwibia.

Nikamweleza habari ya ghala, sindano na kayamba.

"Kayamba? Wewe?" Alianza kuifunga gramafoni yake ndani ya leso. "Jumapili nitakuja kwa hiyo ukumbi yao."

Jumapili hiyo nilisimama nje, sikuingia. Waliokuwa ndani walinisimulia, na Bendi-lida mwenyewe alikuja kukubali miaka mingi baadaye. Mashabiki waliingia kama kawaida, wakajaza sakafu, na bendi ilipoanza wakasimama wima, mikono wameikunja kifuani. Hakuna aliyetoka na hakuna aliyecheza. Bendi-lida alibadilisha wimbo, wakasimama. Akapiga solo mpaka jasho likachuruzika chini ya miwani, wakasimama. Mwishowe Mama Amoit akauliza kwa ile sauti yake, "Sasa sisi tushuke wapi?" Ukumbi ukavunjika kwa kicheko. Nilikisikia hadi barabarani.

Wenye maduka nao walikuwa wamerudisha santuri Nairobi, wakidai zina kasoro. Kwa hiyo Bwana Rekodi alirudi Malaba, safari hii amekunja uso tangu mlango wa gari. Besi ilishushwa ukutani, nikaitwa ghalani.

"Utapiga," akaniambia, "lakini ukae mlangoni, na utumie kidole kimoja, taratibu."

"Nitapiga kama ninavyopiga ukumbini. Na nitasimama hapo anaposimama solo."

"Sindano itaruka."

"Wacha iruke."

"Watu watailaumu kampuni."

"Watanilaumu mimi. Waambie jina langu, wajue wa kumlaumu." Nikamgeukia Bendi-lida. "Nitaje. Kabla sijashuka, nitaje kama unavyotajwa wewe."

Nilijua kwamba nikikataliwa hapo, narudi shambani moja kwa moja na sitaitwa tena, maana mtu haringi mbele ya wakubwa mara mbili. Lakini sikuwa tayari kuingia kwenye santuri kwa kunyata. Bendi-lida alimtazama Bwana Rekodi, Bwana Rekodi akatazama saa yake ya dhahabu.

"Pigeni," akasema. "Lawama ni yenu."

Tukapiga. Katikati ya wimbo Bendi-lida akasogelea maiki akaita, shingo upande lakini kwa sauti, "Haya, Barnaba, shuka!" Nikashuka. Nilipiga uzi mnene kwa mkono wote, nikaliacha pigo la kwanza, nikaliponda la pili, na magunia yale yaliyokuwa yakinywa kila kitu hayakuweza kuinywa besi yangu. Hatukurudia. Ilitoka mara moja.

Santuri ilipofika, nilialikwa hotelini kwa Mama Amoit ifunguliwe mbele yangu. Watu walijaa mpaka uani: madereva, wachukuzi, akina mama wa sokoni, wazee waliokuwa wameacha mirija yao. Fundi Salim alikuja kutoka Busia kushuhudia. Mama Amoit akaweka sindano. Wimbo ukaanza vizuri. Ikafika pale, jina langu likatajwa, watu wakashangilia, na papo hapo sindano ikaruka. Ikarudi nyuma, ikataja jina langu tena, ikaruka tena. "Haya, Barnaba. Haya, Barnaba. Haya, Barnaba." Hata besi yenyewe haikusikika.

Nilitamani ardhi inimeze. Bwana Rekodi alikuwa amesema kweli, na sasa kila mtu aliisikia kweli yake kwa jina langu. Fundi Salim akainua mkono wa gramafoni taratibu.

"Ndiyo hiyo," akasema. "Hii mashine ni nyepesi. Haiwezi."

Dereva mmoja wa lori kutoka ng'ambo, aliyekuwa ameegemea mlango na kikombe cha chai, akaweka kikombe chini. "Banange, jamani, sasa hiyo ni kitu ya kulilia? Nipishe, ssebo, bwana fundi." Akatoa mfukoni senti kumi, ile ya zamani ya shaba yenye tundu katikati, akailaza juu ya kichwa cha mkono wa gramafoni, akaifunga kwa uzi uliopita kwenye lile tundu. Kisha akashusha sindano.

Ikazama ndani ya mfereji, ikashika. Jina langu likatajwa mara moja tu, na besi ikaja. Chai ilitetemeka vikombeni. Mama Amoit alipaza sauti yake, na hoteli nzima, kuanzia jikoni hadi uani, ikakunja magoti.

"Mnaua santuri!" Fundi Salim akalia juu ya kelele. "Huo uzito unakwangua! Haitamaliza mwaka!"

"Wacha ife," Mama Amoit akamjibu, mabega yakienda. "Si itakufa ikicheza?"

Tangu siku hiyo ukiingia hoteli au baa yoyote, Busia au Malaba, ukaona senti kumi juu ya mkono wa gramafoni, ulijua wamenunua santuri gani. Fundi Salim aliwakemea mpaka akachoka, kisha akaanza kuwafungia hiyo senti yeye mwenyewe, vizuri zaidi. Mimi nilirudi ukumbini, nikapiga kwa bendi nyingi, nikarekodi na wakubwa wengine ambao majina yao hayana haja. Kila mmoja alinionya habari ya sindano. Nilimsikiliza kila mmoja kwa adabu, kisha nikapiga nilivyotaka.

Niliacha kazi wakati vidole vilipoanza kukaza na vyombo vipya vilipoingia, vile vinavyopiga besi kwa kubonyeza. Sikufanyiwa sherehe, na sikuidai. Nilirudi Kocholia na ng'ombe wangu.

Juzi wamenijia vijana, watu wema, wa chama fulani cha wapenda muziki wa kale. Wamenikalisha, wamenipiga picha, wameniambia mimi ni mpiga besi mkubwa aliyesahauliwa na historia. Wanataka kuziingiza nyimbo zangu kwenye kompyuta zisipotee. Wamezunguka nyumba kwa nyumba, Busia, Burumba, Butula, mpaka Malaba, wakifungua masanduku ya marehemu. Walikuja kuniletea taarifa wakiwa wanyonge kama watu wa msiba. Santuri zangu wamezipata nyingi, wakasema, lakini hakuna hata moja inayofaa. Zote zimelika. Penye besi mfereji umekwanguliwa mpaka umekuwa mweupe, na ukiweka sindano unasikia mvua tu.

"Pole sana, mzee," kiongozi wao akaniambia. "Nzima tumepata moja tu, ile ya kwanza. Ile ya kayamba. Iko safi kabisa, mpaka inang'aa."

Nikawaambia wakae nayo.